TAHADHARI wana Tanga: "fundi" wa kupaisha kompyuta anayejipiga picha na Range na whisky

Jamani wana Tanga, hasa nyie wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora mnaopeleka kompyuta kwa mafundi mliowaona kwenye stetasi, hii inawahusu. Kuna kijana anajitangaza insta na watsapu kwamba kompyuta yako ikiwa nzito anaipaisha ndani ya saa moja, jina simtaji maana lenyewe analibadilisha kila akichokwa, ila mtamjua kwa stetasi zake. Asubuhi Range Rover, mchana chupa za Black Label na Jameson zimepangwa mezani, jioni kivideo cha laptopu inawaka haraka na maneno "nzito? ilete tuipaishe".

Hayo magari na mapombe ndo mtego wenyewe. Mtu akishaona Range kila siku anajisemea huyu hana njaa, hawezi kuniibia mimi vitu vya elfu thelathini. Haya ziangalieni hizo picha vizuri. Range karibu zote usukani uko kushoto, na sisi Tanzania usukani wetu uko kulia, kwa hiyo hizo kaziokota mtandaoni huko. Ile Toyota Crown ya namba E anayoiegemea iko kweli hapa mjini ila siyo yake, ni ya mteja wa pale wanapooshea magari, kijana anayeiosha mwenyewe ndo aliyeniambia, tena anacheka. Whisky nazo anaziuza kwa inboksi, nusu ya bei ya dukani. Sasa Black Label ya kweli ile changa kabisa iliyochanganywa mle imekaa kwenye pipa miaka 12, imesafiri kutoka Scotland, imelipiwa ushuru, yeye anakupa nusu bei kwa mapenzi gani? Kuza picha uone kama chupa zina stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, hazina, na tangu 2019 pombe kali inatakiwa iwe na stempu ya kielektroniki ambayo unaikagua kwa simu yako na app ya Hakiki Stempu. Mimi pombe situmii naishia hapo, wanywaji mtajua wenyewe, turudi kwenye kompyuta.

Mama mdogo wangu ana kiduka cha stesheneri, anachapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi, na mashine yake ni HP used yenye prosesa ya Intel i5 generesheni ya sita, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB na risiti ya aliponunulia imeandikwa hivyo. Ikawa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inazunguka. Akampelekea huyu bwana, ambaye "ofisi" yake ni meza ya kuazima ndani ya duka la chaja na makava. Hapo hapo akafungua programu yake ikaanza kuhesabu makosa kwa rangi nyekundu, mamia na mamia, mama mdogo akaingiwa na hofu. Akaambiwa mama hii ina virusi, halafu mafaili yako ni mazito yanailemea mashine, inabidi tuyahamishe kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya nje ya 2TB, halafu tukupigie Windows 11 maana Windows 10 imefungwa na kompyuta yako itazima muda wowote. Laki na themanini jumla. Niachie uje jioni.

Jioni ikatoka ina kasi kweli, mama mdogo akamshukuru na hela ya soda juu. Wiki hazijapita nyingi akaja na mashine kwangu analia, kadi za harusi za watu zinafunguka nusu picha nusu kijivu, mitihani haifunguki kabisa, na kompyuta imekuwa nzito kuliko alivyoipeleka.

Nikaanza na hiyo SSD ya nje. Nikaibana na kisu pembeni ikaachia, ndani kuna memori kadi ndogo ile ya simu, imechomekwa kwenye kibao kidogo cha saketi na kugandishwa na gundi, na pembeni kimebandikwa kipande cha chuma ili mkononi isikie nzito. Basi. Hivi vitu viko vingi sana, wameichezea programu ya ndani iiambie kompyuta kwamba nina 2TB wakati kadi yenyewe ni ya GB chache, ukikopi mafaili yanaonekana yote yameingia, majina yapo, saizi ipo, kumbe nafasi ikishajaa ya kweli yanayofuata yanaandikwa juu ya mengine au yanapotelea hewani. Ndo maana hugundui siku hiyo, unagundua unapolihitaji faili. Na kwa vile alishayafuta kwenye mashine, hakuna pa kurudi. Ukitaka kuipima flash au diski ya nje kabla hujaiamini kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza yote halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo, inachukua masaa ila jibu lake halina ubishi.

Nikaja kwenye mashine. RAM 4GB. Ile 8 imechomolewa kaweka 4, na mama mdogo angejuaje, skrubu zimefungwa vizuri na stika imerudishwa. Hard disk (diski ya ndani) nayo ni ile ile ya zamani ya kuzunguka, hajagusa. Sasa mtauliza mbona jioni ile ilikuwa na kasi, ni kwa sababu kapiga Windows mpya na mashine yoyote ukiifuta na kuipiga windo upya itakimbia siku za mwanzo, haina kitu ndani, halafu akazima zile mbwembwe za madirisha kuteleza ili ionekane nyepesi zaidi. Na Windows 11 yenyewe kaiingiza kwa njia ya panya, maana Microsoft wanataka Intel ya generesheni ya nane kwenda juu na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na hiyo i5 ya sita haimo. Ukiweka Windows 11 juu ya RAM 4 na hard disk ya kuzunguka ni mateso.

Hilo la Windows 10 "kufungwa" naona analitumia kwa kila mtu, nalo lina ukweli nusu. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila mashine haizimi, inaendelea kufanya kazi kama jana, kinachokosekana ni viraka vya usalama. Ni jambo la kulifikiria, siyo la kukutoa laki mbele ya kaunta.

Na zile hesabu nyekundu za programu, jamani. Huo mchezo hata wakubwa waliucheza. Marekani mwaka 2019 kampuni ya Office Depot na wenzao Support.com walilipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza kesi na tume ya biashara ya huko, kwa sababu programu yao ya kukagua kompyuta ilikuwa inamuuliza mteja maswali manne, kama mashine inakwenda polepole na mengine ya aina hiyo, na ukikubali hata moja tu inakuletea majibu kwamba kuna dalili za virusi, hata kama mashine ni nzima. Halafu unauziwa matengenezo. Sasa kama maduka makubwa ya marekani yalifanya hivyo, huyu wa meza ya kuazima atakuonea huruma gani.

Kabla hujampa fundi yeyote mashine, hata huyo mnayemwamini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager, nenda sehemu ya Performance, bonyeza Memory uone RAM ni ngapi, bonyeza Disk uone imeandikwa SSD au HDD (hard disk ya kuzunguka), piga picha kwa simu. Ukirudi kuichukua fanya hivyo hivyo mbele yake kabla hujatoa hela. Skrubu za chini zipake tone la rangi ya kucha, moja au mbili zinatosha, ikifunguliwa utaona imepasuka. Akikuuzia diski "mpya" mwambie afungue programu ya CrystalDiskInfo muone imewaka masaa mangapi, diski iliyowaka masaa 20,000 hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka miwili mfululizo bila kuzimwa, siyo mpya hata ikiwa kwenye boksi. Na toka kwenye watsapu na emaili zako zote kabla ya kuiacha, kuna dada wa Sahare alimwachia huyu bwana watsapu wazi na sasa hivi ndugu zake wanaombwa hela kwa namba ngeni zinazojua majina ya watoto wake, siwezi kuapa ni yeye ila nani mwingine.

Kuipaisha kweli wala hakuna uchawi. Hard disk ya kuzunguka ya laptopu inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 500, na kwenye vifaili vidogo vidogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo, kwa hiyo kubadilisha diski ya ndani ndo dawa ya kwanza, RAM 8 ya pili. Mengine fanya mwenyewe bure, zima programu zinazojiwasha zenyewe kwenye Startup ya hapo hapo Task Manager, punguza vitu drive C isijae, na fenii isafishwe, huku kwetu vumbi na upepo wa bahari vinaziua sana.

Nilimfuata na mama mdogo. RAM akairudisha bila ubishi mwenye duka alipotoka kusikiliza, hela akasema keshatumia, risiti hakutoa hata ya mkono. Tumeripoti polisi na RB tunayo, wengine mliopigwa njooni inboksi tuunganishe malalamiko maana mmoja mmoja hatusikiki. Na zile namba ngeni zinazoomba hela zitumeni kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Pale Ngamiani kahama, meza iko tupu. Stetasi bado anaweka, kabadilisha picha na jina, na sasa anasema anapokea mashine za Muheza, Korogwe na Lushoto zikitumwa kwa basi mpaka stendi ya Kange. Watu wa huko msitume.