Pikipiki ya Umeme: Unafuu Wake Umo Ndani ya Betri

Anayenunua pikipiki ya umeme hununua vitu viwili kwa mara moja, yaani chombo na betri, na ni hicho cha pili kinachoamua iwapo usafiri wake utakuwa nafuu. Pikipiki niliyoitumia ni ndogo, yenye betri ya kuchomoa na mota iliyofungwa ndani ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo haina kabureta, plagi, klachi, mnyororo wala oili ya kubadilisha. Matengenezo yake hayazidi sana matairi, breki na beringi. Huondoka kwa wepesi na haina kelele, ingawa ukimya huo unamlazimu dereva kuwa mwangalifu zaidi penye watembea kwa miguu.

Katika matumizi ya nishati, tofauti na petroli ni kubwa. Pikipiki ndogo ya petroli hunywa takribani lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100, na kwa kuwa lita moja ina karibu kilowati-saa 9 za nishati (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya umeme), jumla yake hufika kilowati-saa 18 au zaidi. Ya umeme yenye ukubwa huohuo huenda umbali huo kwa kilowati-saa 3 hadi 5. Injini ya petroli hugeuza takribani robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo na sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea kama joto, ilhali mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80. Ndiyo maana hata pale umeme usipokuwa rahisi sana, gharama ya kila kilomita kwa kawaida hubaki chini.

Betri, kwa upande wake, ina mipaka yake. Kilo moja ya petroli hubeba kilowati-saa 12 hivi, lakini kilo moja ya betri ya lithiamu haibebi hata nusu ya kilowati-saa, na hapo ndipo safari ndefu zinapokuwa taabu. Nikiwa na abiria kwenye mwinuko, kipimo cha chaji kilishuka haraka kuliko nilivyotarajia, na namba ya kilomita zilizosalia iliyoonyeshwa kwenye skrini haikustahili kuaminiwa. Jambo la kuuliza dukani kabla ya lolote ni aina ya betri: ile ya risasi na asidi ina bei ya chini lakini huchoka baada ya kuchajiwa mara mia chache, wakati ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, ikitunzwa vizuri, huvuka mara 2,000. Anayeogopa bei ya betri anaweza kununua chombo peke yake na kulipia huduma ya kubadilishana betri, yaani kuacha kituoni iliyoisha chaji na kuchukua iliyojaa. Utaratibu huo naupendelea kwa wanaoshinda barabarani kutwa, mradi vituo viwe karibu.

Nishati nyingine mbadala hazijanishawishi kwa chombo kidogo namna hii. Gesi asilia huhitaji mtungi mzito wa kuhimili shinikizo la bar 200, hivyo huifaa zaidi gari au basi. Ethanoli huwaka vizuri, lakini lita yake ina nishati pungufu kwa takribani theluthi moja kuliko ya petroli. Haidrojeni, inayosifiwa mno, ikitengenezwa kwa umeme na kisha kurudishwa kuwa umeme ndani ya chombo, hupoteza zaidi ya nusu ya nishati njiani. Sioni jinsi itakavyokuwa ya bei nafuu kwa mwenye pikipiki. Jua ni habari nyingine: paneli ya mita moja ya mraba, ambayo hutoa wati 200 hivi jua likiwa kali, ni ndogo mno kuendesha chombo moja kwa moja, lakini ikiwekwa juu ya paa inaweza kukusanya kwa siku nishati ya safari fupi za kila siku.

Kwa safari za mjini zenye vituo vya kuchajia ningeinunua bila kusita. Kwa masafa marefu ningesubiri. Dhamana ya betri isomwe kwa makini, hasa kipengele kinachotaja kiwango cha uwezo ambacho betri ikishuka chini yake muuzaji atalazimika kuibadilisha.