MUSO kwa vikundi vya Bukavu: masanduku mawili ya kutegemewa, na la tatu la kuendea polepole

Kikundi cha kujitolea kinachotafuta fedha mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza mara nyingi kwa kuandika mradi na kuupeleka kwa wafadhili. Baada ya kuishi kwa muda mrefu karibu na vikundi vya namna hiyo, naona huduma inayowafaa zaidi wanachama wake ni ile wanayojipa wenyewe kupitia MUSO, chama cha kuweka akiba na kusaidiana ambacho kimeenea sana Kivu ya Kusini, na ndiyo ninayotaka kuitathmini hapa.

Utaratibu wake ni wa masanduku matatu. La kijani hupokea akiba katika kila mkutano na kuwakopesha wanachama kwa riba waliyokubaliana. Jekundu hupokea mchango mdogo usiorudishwa, ambao hutumika kumsaidia mwenye msiba, ugonjwa au ajali. La buluu hungojea fedha za nje, ziwe ruzuku au mkopo wa shirika, ambazo kikundi huwagawia wanachama wake na kuzidhamini kwa pamoja.

Katika kikundi ninachokifahamu vizuri huko Kadutu, mojawapo ya sehemu za mji wa Bukavu, cha akina mama wauza mboga na mafundi wachache ambao pia hufanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, ya kuzibua mitaro kabla ya mvua kubwa, anayetunza ufunguo hakai na sanduku nyumbani kwake, wala anayelala na sanduku hana ufunguo. Mkutano huanza kwa kuhesabu upya kilichobaki mara ya mwisho, noti za franka upande mmoja na dola upande mwingine, kisha katibu hutaja jumla kwa sauti na wanachama huirudia. Wasiojua kusoma ndio huwa wa kwanza kumsahihisha, kwa sababu wameishika kichwani tangu mkutano uliopita. Mama mmoja alipochelewa kulipa kwa kuwa bidhaa zake ziliteketea kwa moto, Mama Prezidenti hakumkemea, bali aliwageukia wenzake na kuuliza, «Dada yetu tumpe muda gani?», na deni likapangwa upya mbele ya wote.

Sanduku jekundu ndilo ninalolisifu zaidi, ingawa ndilo lenye fedha kidogo. Mtu anayejitolea haachi kazi ya mtaa kwa sababu moyo umepoa. Huiacha siku mtoto wake amelazwa, amepona, na hospitali haimruhusu kutoka mpaka bili ilipwe. Katika bajeti za miradi niliyoisoma nimekuta gharama za semina, za usafiri na za fulana zenye nembo, lakini sijaona mstari hata mmoja unaomfikiria mwenye kujitolea anapopatwa na shida nyumbani. Sanduku jekundu humfikiria, na hutoa msaada siku hiyohiyo bila kumdai fomu.

Sanduku la kijani lilipimwa vikali mwaka 2025. Waasi wa M23 walipouteka mji mwezi Februari, mabenki yalifunga milango, na watu wenye akiba humo wakashindwa kuzifikia, wakati vikundi vilivyokuwa na akiba mtaani viliendelea kukopeshana mtaji wa sokoni. Mwaka huohuo Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kuifunga USAID, shirika lake la misaada, na vyama vilivyotegemea mradi mmoja kwa kodi ya ofisi na posho za wahamasishaji vikabaki na kibao mlangoni tu. Hata hivyo sanduku la kijani lina udhaifu ambao haufai kufichwa: fedha zinazolala nyumbani zinaweza kuibwa. Baadhi ya vikundi huhakikisha zote zimekopeshwa kabla ya mkutano kwisha, na vingine hutumia M-Pesa au Airtel Money, ambako makato ya kutoa fedha hula sehemu ya akiba za wanyonge.

Sanduku la buluu limenivunja moyo zaidi ya mara moja. Shirika moja, ambalo silitaji, liliahidi kukiongezea mtaji kikundi cha jirani, likakitaka kibadilishe kwanza kanuni zake ili zilingane na mradi, kisha likakaa kimya mpaka msimu wa kupanda ukapita. Lipo pia tatizo la makaratasi: chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida, utambulisho kamili wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, na Kinshasa ni mbali kwa kikundi cha Kadutu. Vikundi vingi hulazimika kupitia chini ya mwavuli wa shirika lenye hati, nalo hubaki na sehemu ya fedha na sauti yote katika ripoti. Mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaosimamiwa na PNUD, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, ulibuniwa ili kuzifikia jumuiya zenyewe, na kazi ya kupanda miti kwenye miteremko yetu inayomomonyoka inaingia barabara katika shabaha yake. Kikundi chenye daftari safi la MUSO kina ushahidi mzuri wa kuambatisha kwenye ombi lake.

Kwa kikundi kinachoanza, ningeshauri sanduku la buluu lisipokee chochote kabla mzunguko mzima wa mikopo ya kijani haujarudi. Zaidi ya hapo, kanuni ziandikwe mapema, kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, zikieleza nani atalipa endapo aliyechukua fedha za nje atauhama mji, na kwamba akiba ya sanduku jekundu haitaguswa kamwe kufidia deni hilo.