Nyimbo za kilokole za Bob Dylan, safari hii zimeimbwa na wenye kanisa lao

Niseme tu mapema, sauti ya Bob Dylan ilinishinda zamani. Najua mzee kapewa Nobel ya fasihi 2016, najua anaandika hatari, ila ule uimbaji wa puani kama mtu mwenye mafua anayebishana na mwenye nyumba mimi nilikuwa namaliza nyimbo mbili nazima. Kwa hiyo hii albamu ya Gotta Serve Somebody: The Gospel Songs of Bob Dylan ni kama mtu alinionea huruma. Ilitoka 2003, nyimbo 11, kumi wameimba waimbaji wa injili wa Wamarekani weusi, na ule wa mwisho Dylan mwenyewe yupo na Mavis Staples, mwimbaji mkongwe wa injili na soul, nitaufikia.

Kwa wasiojua, jamaa kazaliwa familia ya Kiyahudi, miaka ya 60 akawa ndo sauti ya nyimbo za kupinga vita na ubaguzi, halafu kufika 1979 akaokoka. Kuokoka kwelikweli, sio kuvaa msalaba wa dhahabu tu. Akatoa albamu ya Slow Train Coming mwaka huohuo na ya Saved 1980, na nyimbo zote humu zimetoka kwenye hizo mbili. Novemba 1979 akapiga shoo 14 San Francisco na hakugusa wimbo wa zamani hata mmoja, watu wamelipa viingilio vyao wanasubiri zile walizozizoea wanakutana na mahubiri, wengine wakazomea. Nawaelewa kiasi. Ukisikiliza zile rekodi za mwanzo unaona jamaa ana moto wa mtu aliyeokoka juzi, anakunyooshea kidole, umetubu hujatubu.

Sasa Shirley Caesar akiushika wimbo wa kwanza, huohuo Gotta Serve Somebody, mambo yanabadilika. Wimbo wenyewe ni Yoshua 24 tupu, chagueni hivi leo mtakayemtumikia, unataja watu mmoja mmoja, uwe balozi, uwe bingwa wa ngumi, uwe daktari, lazima kuna unayemtumikia. Dylan anakusomea orodha kama hakimu. Mama Caesar ni mchungaji, ameshazoea kuhubiri huku anaimba, kwa hiyo anakuita kama mama anayemuita mtoto aingie ndani giza limeingia, ukali upo ila unajua anakutaka. Si mara yake ya kwanza pia, 1997 aliuimba Washington mbele ya Dylan mwenyewe, siku Dylan anapewa tuzo ya heshima ya wasanii ya Kennedy Center na Rais Clinton amekaa palepale, itafuteni ile video.

Kilichonishika zaidi ni Fairfield Four kwenye Are You Ready. Hawa wazee ni wa Nashville, kundi lilianzia kanisani 1921, kazi yao ni kuimba bila chombo. Hamna gitaa hamna kinanda, ni sauti tu, na ile besi inatoka chini kabisa mpaka nilivua hedifoni nikadhani kuna lori limepita nje. Halafu kuna hiki kitu: kwenye zile shoo za 1979 mmoja wa akina dada waliokuwa wanamuitikia Dylan alikuwa Regina McCrary, ndo alikuwa anafungua shoo kwa kusimulia hadithi ya bibi kizee anayetaka kupanda treni na hana tiketi. Baba yake Regina, mchungaji Sam McCrary, ndo alikuwa mmoja wa nguzo za Fairfield Four. Kwa hiyo wimbo haujaenda ugenini hapa, umerudi kwa babu. Tangu nijue hilo siwezi kuusikia vilevile.

Lee Williams na wenzake kwenye When You Gonna Wake Up wako vizuri, ni ule ukwaya wa wanaume wa kuvutana taratibu, na kiitikio kimetoka Ufunuo 3, ukayaimarishe mambo yaliyosalia. Chicago Mass Choir wamepewa Pressing On, ile ya nakaza mwendo niifikilie mede ya thawabu, na wimbo huu nadhani toka siku unaandikwa ulikuwa unasubiri kwaya kubwa tu. Aaron Neville kwenye Saving Grace na ile sauti yake inayotetemeka, ukimpenda utampenda, mimi dakika mbili zinanitosha. What Can I Do for You ya Helen Baylor ndo niliyoiruka. Imelainishwa mno, kama wimbo wa kusubirishia simu, na ya Dylan pamoja na mapua yake ina ile harmonika inayolia kama mtu kafiwa, nikajikuta nimerudi kuitafuta. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo.

Halafu Rance Allen. When He Returns kwenye Slow Train Coming ni Dylan na piano basi, na hata mimi nisiyempenda nakiri ameimba. Mzee Rance anaingia kwa upole kabisa unadhani ataishia hapohapo, mara anapanda, mara kashuka kwenye besi, mara karuka tena juu kule wanakoimba kina mama, na sio mbwembwe, ni mtu ambaye kweli anasubiri mtu arudi. Niliusikia mara ya kwanza naosha vyombo, maji yakajaa sinki yakamwagika.

Ule wa mwisho, Gonna Change My Way of Thinking, Dylan kabadilisha mashairi karibu yote na katikati wanaweka kaigizo, Mavis anabisha hodi kama mgeni, anakaribishwa, mpaka kuku wa kukaanga wanatajwa. Ni utani wa kuiga rekodi ya 1931 ya Jimmie Rodgers kuwatembelea Carter Family, wakongwe wa muziki wa country. Inachekesha ukijua pia kwamba Dylan aliwahi kumposa Mavis miaka ya 60 na Mavis mwenyewe kasimulia kwamba alikataa. Ila kuiweka mara tu baada ya Rance Allen, jamani, nani alipanga? Mimi nasikiliza ya kumi, nazima, Mavis na kuku wake nawafungua kesho yake asubuhi.