Miezi 7 na programu mpya ya benki yangu: nyota mbili kati ya tano

Jina la benki silitaji, mkopo wangu kwao haujaisha. Nasema tu kwamba mwaka huu waliibadilisha sura programu yao ya simu, wakasema imekuwa "rahisi zaidi". Nimeitumia miezi 7 kwenye simu ya kawaida ya Android, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na usiku mmoja. Saa mbili na nusu mama anapiga kutoka Morogoro. Shikamoo, marahaba, kisha: "Mwanangu, luku imeisha, niko gizani." Mimi niko Tabata. Nikafungua programu na kidole gumba kikaenda chenyewe chini kulia, mahali pa Lipa Bili pa siku zote. Ikafunguka Mikopo. Kumbe vitufe vimehamishwa. Kabla ya siku hiyo ungeniuliza Lipa Bili iko wapi ningesitasita kujibu, lakini kidole kilikuwa kinajua. Waliokihamisha kitufe hawakukipa taarifa kidole, na mpaka leo, mwezi wa saba, bado mara mojamoja najikuta kwenye Mikopo.

Sasa ukitaka kulipia umeme unagusa vistari vitatu pembeni, kisha Huduma, halafu unakutana na picha sita zisizo na neno hata moja. Balbu ni umeme, sawa. Tone ni maji. Lakini jengo lenye nguzo ni nini? Chuo? Mahakama? Benki yenyewe? Nilikuja kujua mwezi wa tatu kwamba ni malipo ya serikali. Neno moja chini ya picha lingemaliza ubishi, maana neno ukiliona unalitambua papo hapo, ila picha ya namna hii lazima ukariri maana yake.

Kisha namba ya mita. Nalipia mita ileile kila mwezi, na programu haiihifadhi. Nikatoka kwenda kuitafuta kwenye meseji za zamani. Niliporudi, imeshanitoa nje, inataka nywila upya. Nikaingia tena huku naimba tarakimu kichwani, na ilipofika kwenye nywila wimbo ukakatika. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliandika kwamba kichwa hushika kwa muda mfupi vitu saba hivi, ongeza au punguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha hesabu hiyo hadi vinne hivi. Mita ya mama ina tarakimu 11.

Safari ya tatu nikafanikiwa. Tiki kubwa ya kijani, "Malipo yamefanikiwa", na kitufe kinene: Maliza. Nikamaliza. Tokeni, yaani ile namba ya kubonyeza kwenye luku ili umeme urudi, ilikuwa chini ya tiki, ilibidi nishushe ukurasa ndipo niione, na mimi nimeshafunga.

Hapa ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu dawa ya kosa hili inajulikana siku nyingi. Mashine nyingi za ATM hukurudishia kadi kwanza, pesa baadaye. Pesa ndiyo iliyokupeleka pale. Ukishaishika, akili inahesabu kazi imekwisha na miguu inaondoka, kadi inabaki mdomoni mwa mashine. Kwa hiyo wakaitanguliza kadi. Programu hii imefanya kinyume: imenipa sherehe kwanza, nilichokifuata ikakificha chini.

Nikaifukua tokeni kwenye orodha ya miamala. Tarakimu 20 mstari mmoja, hakuna nafasi hata moja katikati, na huwezi kuinakili. Nikampigia mama, naye kashika rimoti ya luku mkono mmoja, tochi kaibana kwapani.

"Sifuri saba saba tatu..."
"Saba ngapi?"
"Mbili, mama."
"Mbili au saba?"

Mara mbili rimoti ilikataa. Mara ya kwanza nilikosea mimi, niliruka sifuri. Tulipokuwa tunajiandaa kwa ya tatu, meseji yenye tokeni ikaingia, imegawanywa mafungu matano ya tarakimu nne nne. Nikasoma fungu, mama akabonyeza, akasema "enhe", nikasoma lingine. Haikufika dakika moja taa ikawaka, nikamsikia anaizima tochi. Tarakimu ni zilezile 20, tofauti ni nafasi nne tu.

Nisiwaonee. Kuingia kwa alama ya kidole ni haraka kama hujatoka katikati ya kazi, salio linaonekana bila kuzunguka, na ukituma pesa jina la mpokeaji linatokea kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo hukariri namba, unasoma jina. Nyota mbili ni za hayo.

Umeme wa mama siku hizi nanunua kwa menyu ya nyota na reli, ile ya kizamani. Ujumbe wake mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, kwa hiyo hakuna pa kuweka picha wala sherehe: namba, neno, namba, neno.

Huduma kwa wateja niliwaandikia yote haya. Walijibu siku ya pili, kwa adabu kabisa, wakanishauri niiandike namba ya mita mahali salama. Iko nyuma ya kalenda ya ukutani, ambayo walinipa wao.