Niliacha mara 20, nikachukua mara 8: uzoefu wangu na darubini ya kutazama ndege

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba. Ilikuwa imeandikwa 20x50, na muuzaji akaniambia ndege wa ng'ambo ya hori nitamwona kana kwamba ametua begani kwangu. Ndio kwanza nilikuwa nimeanza kutazama ndege pale hori ya Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na niliamini kwamba anayekuza zaidi ndiye anayeona zaidi. Nikalipa shilingi 6,500, nikarudi nyumbani na furaha yangu.

Furaha haikumaliza miezi minane. Mkono ukitikisika kidogo tu, ndege anarukaruka ndani ya kioo. Nikitazama nusu saa kichwa kinaniuma, maana jicho la kulia la darubini na la kushoto hayakuwa yakielekea mahali pamoja. Kisha masika yakaingia, na unyevu nao ukaingia. Asubuhi moja nikaona nyuzi nyembamba nyeupe za kuvu zimetambaa kwenye lenzi, tena kwa ndani, ambako kitambaa hakifiki.

Mzee mmoja anayeongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke aliishika, akaigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, hii inakuza mtetemo wa mikono yako. Hebu tazama kwa yangu." Yake ilikuwa 8x42, mpira wake umechakaa pembeni. Saa kumi na mbili na robo jioni, tuko chini ya miti ya mirihi, na mimi nilikuwa nimeshafunga mkoba nikijua giza limetuwahi. Ndani ya darubini yake bado kulikuwa mchana.

Hapo ndipo nilipoanza kuzielewa namba. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Igawe ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa kiduara cha mwanga kinachofika kwenye jicho lako. Ile yangu ya 20x50 ilinipa milimita 2.5. Ya mzee ilimpa 5.25, zaidi kidogo ya mara mbili ya upana ule. Mchana wa jua kali huoni tofauti kubwa, kwa kuwa mboni nayo imejibana. Lakini ndege wa msituni wanachangamka alfajiri na jioni, kivulini, saa ambazo mboni imefunguka na inataka mwanga wote inaoweza kuupata.

Sikununua nyingine haraka. Kwa muda wa karibu mwaka nilikuwa nikiomba kujaribu kila darubini niliyoiona shingoni mwa mtu. Ninavaa miwani, kwa hiyo nilikuwa nashusha vikombe vya macho kwanza, vile vinavyozunguka lenzi za kutazamia, na kutazama kama duara zima linaonekana au kingo zimekatika. Nyingi ziliangukia hapo hapo. Kisha namtafuta yangeyange aliyesimama juani: kwenye kioo hafifu weupe wake unazungukwa na ukingo wa zambarau, kwenye kioo kizuri manyoya yanabaki meupe mpaka mwisho. Nikimaliza, naisogeza darubini mbali na uso na kuielekeza kwenye mwanga, naangalia vile viduara viwili kwenye lenzi za macho. Nataka viwe mviringo kamili. Vikiwa na pembe kama za mraba, prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyogeuza mwanga, ni za bei ya chini, hata kama nje imepambwa vipi.

Mwishowe nilichagua Nikon Monarch M7 ya 8x42. Binamu yangu alikuwa akija kutoka Marekani Agosti 2022, akanibebea. Ilimgharimu chini kidogo ya dola 500, yaani kama shilingi 58,000 za wakati ule. Nilimlipa kwa awamu tatu na sikujuta hata awamu moja.

Kilichonishika kwanza ni upana wa mandhari. Inaonyesha mita 145 kwa umbali wa mita 1,000, na msituni huo ndio uhai wa kazi. Kundi la ndege mchanganyiko linapopita juu ya mirihi, kwera wa Clarke wamo humo, wale ambao duniani kote wanapatikana Kaunti ya Kilifi peke yake, na wanapita kwa dakika chache tu. Ukiwa na tundu jembamba utamfuata mmoja na kuwakosa wengine kumi. Kwa hii nalishika tawi zima, kisha kidole kimoja kwenye gurudumu la katikati kinanimalizia.

Mida ndiko iliponithibitishia thamani yake. Siku za bamvua, maji yakianza kujaa, ndege wote wanasukumwa kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, na hapo wanachanganyika vitwitwi wa aina mbili wanaokuja kutoka bara la Asia, wote rangi ya mchanga, wote kifua cheupe. Kinachowatofautisha ni mdomo na miguu: wa aina kubwa ana mdomo mrefu mnene na miguu inayoelekea kijani-njano, wa aina ndogo ana mdomo mfupi na miguu ya giza zaidi. Kwa darubini ya zamani niliandika daftarini "vitwitwi, aina haijulikani" kwa msimu mzima. Safari hii niliiona ile njano hafifu ya mguu, chini ya tope lililokuwa limekauka juu ya goti, nikakaa kimya kwanza kabla sijaandika.

Uzito wake ni gramu 670. Kwa mkanda wa shingoni, baada ya saa tatu utausikia, kwa hiyo nimeufunga mkanda wa mabegani unaopita mgongoni na sasa naisahau kabisa. Imejazwa nitrojeni na kufungwa isipitishe maji, hivyo masika mawili yamepita na ndani bado kweupe. Chumvi ya pwani ni jambo jingine. Kila nikirudi kutoka ufukweni napuliza mchanga kwanza, nafuta kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, ndipo nakausha. Ukianza na kufuta kabla ya kupuliza, chembe za mchanga zitakwangua lenzi mbele ya macho yako.

Wengi wananiuliza kuhusu 10x42. Kama unatazama tai na kipanga kwenye nyika wazi na mikono yako imetulia, sawa. Kwa msitu na hori mimi siinunui. Na kama 58,000 ni nyingi, tafuta 8x32 nzuri kabla ya kufikiria 10x50 ya bei rahisi. Kiduara cha hiyo 8x32 ni milimita 4, na begani ni nyepesi.

Mwezi uliopita tulikwenda tena na yule mzee. Alinionyesha bundi wa Sokoke, yule mdogo asiyezidi shubiri moja, amelala kwenye kichaka, hatua nne tu kutoka tuliposimama. Darubini hii inashika kitu hata kilicho mita mbili, kwa hiyo niliona kila unyoya juu ya macho yake, na jicho moja la manjano likifunguka nusu. Nikampa mzee atazame. Alikaa nayo muda mrefu sana, mpaka mkono wake ukaanza kuchoka, kisha akanirudishia polepole na kuniuliza kama binamu yangu anarudi Desemba.