Nimekata mtutu kutoka inchi 26 hadi 22: uzoefu wangu na bunduki moja ya shabaha na mawindo

Kwa miaka mitatu nilibeba bunduki yenye mtutu wa inchi 26, yaani sentimita 66, nikiamini kwamba urefu ule ndio unaonipa shabaha nzuri. Nilitaka bunduki moja ifanye kazi mbili: Jumamosi nilale nayo kifudifudi uwanjani nikipiga karatasi na vibao vya chuma kuanzia mita 100 hadi 600, na msimu wa kuwinda ukifunguliwa niitie begani niingie nayo porini. Kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, ni 6.5 Creedmoor, risasi iliyotoka mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha za mbali, kisha wawindaji nao wakaipenda. Muuzaji aliniambia mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi, nami sikubisha.

Uwanjani sikuwa na la kulalamikia. Bunduki nzito upande wa mbele hutulia ikishaegemezwa, na hata teke lake begani hupungua. Porini mambo yakawa mengine. Baada ya saa nne za kutembea, mkono wa mbele ulikuwa umechoka kiasi kwamba nikisimama nilenge bila egemeo, ncha ya mtutu ilikuwa inachora duara. Asubuhi moja nilimkuta mnyama dume amesimama hatua 80 mbele yangu, kwenye kichaka kizito. Nikainua bunduki, mtutu ukanasa kwenye tawi, nikaurudisha, nikauzungusha upande wa pili, na nilipompata kwenye darubini ncha ilikuwa haitulii. Sikufyatua. Mnyama anastahili risasi moja ya uhakika, nyuma ya bega, afe papo hapo. Kumpiga kwa kubahatisha ni kumtesa. Alipoondoka nilibaki pale pale najiuliza: hizi inchi zote zinanipa nini hasa?

Jibu la haraka ni kasi. Baruti ikiwaka, gesi inaisukuma risasi kwa muda wote iliyomo ndani ya mtutu, hivyo kadiri mtutu unavyorefuka ndivyo risasi inavyotoka na kasi zaidi. Lakini gesi huzidi kutanuka na shinikizo lake hushuka, kwa hiyo inchi za mwisho husaidia kidogo kuliko za mwanzo. Imani kwamba mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi ina asili yake ya haki kabisa. Zamani watu walilenga kwa vilengeo vya chuma, na umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ukiwa mkubwa, kosa la jicho hupungua. Darubini imeliondoa jambo hilo lote, imani ikabaki.

Nikampelekea fundi bunduki mwenye leseni, tukakubaliana inchi 22, yaani sentimita 56 kasoro kidogo. Kabla ya kukata nilipiga risasi kumi za gramu 9 kupitia kifaa cha kupimia kasi: wastani ulikuwa mita 838 kwa sekunde. Baada ya kukata, risasi za boksi lile lile zilinipa 811. Mita 27 kwa inchi nne, ambayo ni chini ya mita saba kwa kila inchi. Nilitarajia pengo kubwa zaidi, nikarudia kipimo wiki iliyofuata nikapata karibu namba zile zile.

Sasa zipeleke mita hizo 27 porini. Bunduki ikiwa imesawazishwa kwa mita 100, yaani kwa umbali huo risasi inapiga pale pale ninapolenga, nikipiga mita 300 risasi inashuka takriban sentimita tatu zaidi ya ilivyokuwa inashuka zamani. Mimi porini sipigi zaidi ya mita 250. Sentimita tatu nazirekebisha kwenye darubini, na hata nikisahau, bado risasi inaingia panapotakiwa. Mbali zaidi, mita 600, upepo unaisogeza risasi kidogo zaidi ya zamani, na hapo nakiri kwamba anayeshindania pointi za mwisho atalihisi jambo hilo. Kama mashindano ndiyo kazi kuu ya bunduki yako, usiukate.

Kilichonishangaza zaidi ni ulengaji wenyewe: mwishowe haukupungua. Mtutu hutikisika risasi inapopita, kama fimbo iliyoshikwa upande mmoja, na fimbo ya unene ule ule ikifupishwa kutoka inchi 26 hadi 22 hupinda kwa asilimia 40 pungufu chini ya nguvu ile ile. Na unene una umuhimu mkubwa kuliko urefu. Mtutu mwembamba hupata joto haraka, na risasi ya sita au ya saba huanza kwenda inakotaka yenyewe. Mtutu mnene hustahimili. Wangu una unene wa milimita 21 mdomoni, na sikuwa tayari kuupunguza. Kwa unene huo kila inchi iliyoondoka ilikuwa na gramu 60 na ushei, kwa hiyo nilipunguza karibu robo kilo, tena kwenye ncha, mahali ambapo mkono unaihisi robo kilo hiyo kuliko popote.

Lakini mwanzoni matokeo yalikuwa mabaya, na hili ni vizuri mlisikie. Kabla ya kukata, risasi tano kwa mita 100 zilikuwa zinakaa ndani ya milimita 20. Siku ya kwanza baada ya kukata zilitawanyika hadi 45. Nilipatwa na huzuni ya kweli, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi. Nikamulika mdomo wa mtutu kwa tochi na kioo cha kukuzia, nikaona kijino kidogo cha chuma kimebaki kwenye ukingo wa mfereji mmoja, kati ya ile ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Gesi ikitoka upande mmoja mapema kuliko mwingine, risasi inaanza safari yake ikiyumba. Nilikwenda kwa fundi mwingine, akaukereza mdomo upya na kuulainisha, tukapoteza kama milimita mbili. Siku hiyo hiyo jioni nilirudi kwenye milimita 18, 20, 19. Kwa hiyo chagua fundi kwa kuangalia midomo ya mitutu aliyokwisha kukereza, na usithubutu kabisa kukata nyumbani kwa msumeno. Uliza pia sheria inasemaje unapoishi kuhusu urefu wa chini unaoruhusiwa.

Kasoro iliyobaki ni kishindo. Mtutu mfupi hutoa mlipuko mkali zaidi karibu na uso, na chini ya inchi 20 mimi nisingekwenda bila kipunguza sauti. Ninacho, kina sentimita 18, na hili lilikuwa jambo lililonisukuma kukata kuliko nilivyokiri mwanzoni: inchi 26 pamoja na kipunguza sauti ni sentimita 84 za chuma kuanzia kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Sasa ni 74. Hata ukiwa na kipunguza sauti, vaa kinga za masikio, porini vilevile.

Haya yote ni ya kaliba yangu. Mwenye .308 Winchester anaweza kushuka hadi inchi 20 bila kujuta, kwa sababu tundu la mtutu wake ni pana zaidi na baruti yake huwaka mapema. Mwenye .300 Winchester Magnum abaki kwenye 24 au 26. Ganda lile lina baruti nyingi ya kuwaka taratibu, na ukiufupisha mtutu unabeba teke lote na moto mwingi mdomoni huku kasi uliyoilipia ikipotea hewani.

Kama ningeagiza mtutu mpya leo kwa kazi hizi mbili ningechukua inchi 22, unene wa wastani kuelekea mnene, na uzi wa kufungia kipunguza sauti, kama ule wa skrubu, uwe umekatwa tangu kiwandani. Tena tenga muda wa kujifunza bunduki upya. Jedwali la zamani la mteremko wa risasi halifai tena, na hata kwa mita 100 tundu langu la kwanza lilikuwa sentimita nne kushoto na tatu chini. Nilitumia Jumamosi mbili na risasi 80 kupiga kila baada ya mita 100 hadi 600, nikiandika namba kwa penseli, na karatasi hiyo sasa imebandikwa ubavuni mwa kitako.