Kutoa nati sita kuweka tano kwenye Chevrolet C10 ya 1969: uzoefu wangu na seti ya kubadilishia

Seti niliyofunga inauzwa kwa ajili ya pikapu za C10 za 1967 hadi 1970. Mbele inakuja na spindo (mhimili mfupi unaobeba gurudumu), rota (diski ya breki), kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye rota) na mipira ya breki. Nyuma ekseli mbili, dramu mbili, beringi na sili. Gari linatoka kwenye nati sita za duara la inchi 5.5 (milimita 139.7, kipenyo cha duara linalopita kwenye vitovu vya matundu) na kwenda nati tano za inchi 5 (milimita 127), mpangilio ambao Chevrolet yenyewe iliuweka kwenye C10 za mwaka 1971 ilipoleta diski za mbele. Upande wa nyuma sina lawama ila moja ndogo. Upande wa mbele nimeridhika nusu.

Kabla ya kutoa hela, jiulize unatafuta nini. Kama shida yako ni breki tu, zipo rota za nati sita zinazoingia kwenye gari hili na unabaki na rimu zako. Seti hii ina maana pale tu unapotaka rimu za nati tano, au tayari unazo.

Njia za mkato nilizipiga hesabu, nikaziacha. Adapta, yaani kipande kinachofungwa kwenye nati sita ili kibebe rimu ya nati tano, haishuki chini ya milimita 25 hivi kwa unene, kwa hiyo tairi linasogea nje kiasi hicho kila upande na nyuma linaanza kutafuta bodi. Isitoshe, zile nati zinazoshika adapta zimefichwa nyuma ya rimu, na huwezi kuzikagua bila kung'oa gurudumu. Kutoboa upya ekseli za zamani ni kubaya zaidi. Chukua karatasi uchore duara la 139.7 lenye matundu sita, kisha la 127 lenye matano. Lizungushe upendavyo: daima kuna tundu jipya ambalo kitovu chake hakizidi milimita 9.5 kutoka kitovu cha tundu la zamani. Stadi ya zamani (ile boliti inayopokea nati) peke yake ina unene wa milimita 11. Matundu lazima yaingiliane, na chuma kinachobaki hakishiki stadi. Fundi akikwambia atajaza kwa kuchomelea, mshukuru na uondoke.

Nyuma: hakikisha kwanza mfuniko wa difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) una boliti 12, na ekseli zina meno 30. Inua gari, weka stendi, mwaga oili, ondoa mfuniko. Kuna kiboliti chembamba kinachofunga pini inayopita katikati ya gia ndogo za ndani. Hicho ndicho kinachokatika kichwa, kwa hiyo tumia spana ya boksi inayokaa sawasawa na uwe umenunua kipya. Pini ikishatoka usizungushe ekseli hata kidogo, maana gia ndogo zitahama na kudondoka. Sukuma ekseli ndani, kibanio cha umbo la C kitaanguka, kisha ivute nje. Badilisha beringi na sili wakati huo huo, paka grisi mdomo wa sili, na uingize ekseli mpya huku umeibeba, isilale juu ya sili. Meno ya ekseli yakipita juu ya mpira wa sili, utaona oili kwenye viatu vya breki baada ya wiki. Oili ni 80W-90 ya daraja la GL-5 hadi ifike kwenye tundu la kujazia. Kama difu yako ni ya kubana (isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure), ongeza dawa yake.

Lawama yenyewe ni hii: dramu moja ilikuja na rangi nzito kwenye ukingo wa tundu la katikati, ikagoma kukaa kwenye bega la ekseli. Ukiilazimisha kwa nati inakaa upande, na pedali inapiga mguu kila ukifunga breki. Msasa ulitosha. Ijaribu dramu kwa mkono kabla ya kufunga chochote: iingie yenyewe na ilale bapa.

Mbele kazi ni ya breki kuliko ya nati. Spindo za kiwandani za 1971 hazikai hivi hivi kwenye mikono ya gurudumu ya 1969, ndiyo maana wengi huhamisha krosmemba nzima (boriti ya chasi inayobeba mikono hiyo). Spindo za seti hii zimetengenezwa kwa boljointi (viungo vya mpira wa chuma) za zamani na ziliingia bila ubishi. Beringi: kaza nati huku unazungusha rota, kama Nm 16, legeza kabisa, kaza tena kwa vidole tu, weka pini. Rota ibaki na mchezo mdogo, usiozidi milimita 0.13. Ukikaza kupita kiasi, beringi itaungua.

Karatasi ya maelekezo haisemi neno kuhusu masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), na hapo ndipo nilipopunguza alama. Masta ya dramu ina vali ndogo inayobakiza mgandamizo kwenye paipu. Kwa dramu ni sawa, kwa diski inaacha pedi zikisugua muda wote na rota zinachemka. Weka masta ya diski mbele na dramu nyuma, pamoja na vali ya kugawa mgandamizo, la sivyo tairi za nyuma zitafunga mapema. Pia geuza usukani mwisho kulia na kushoto ukiangalia mipira ya breki. Mmoja wangu uligusa mkono wa juu mpaka nilipozungusha kiungio chake. Baada ya hapo, gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu.

Kupima rimu za nati tano kunachanganya kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Pima kitovu hadi kitovu cha matundu jirani: milimita 74.6 ni duara la inchi 5, 70.9 ni la inchi 4.75 la Camaro na Chevelle. Tofauti haifiki milimita nne, na nimeona wauzaji wakiyachanganya.

Stadi nazo zimebadilika, kutoka inchi 7/16 hadi nusu inchi, zote nyuzi 20 kwa inchi, kwa hiyo nati za zamani hazifai. Jihadhari: nati ya nusu inchi huteleza kwenye stadi ya milimita 12, ikaonekana imeshika, kisha uzi unachunika. Kaza kwa nyota, Nm 100 hadi 115, rudia baada ya kilomita 80.

Na tairi la akiba chini ya bodi bado lina matundu sita. Tafuta rimu ya akiba ya nati tano, ya inchi 15, ijaribu mbele kwanza uone kama inapita kalipa, ndipo ulirudishe mahali pake.